Shahidi wa Tatu

Shahidi wa tatu, Mbwarali Shee,
bawabu wa ghala la mchele huko Shimanzi,
aliulizwa usiku wa wizi alikuwa wapi, akifanya nini,
naye akajibu, mikono nyuma kama mtoto wa chuoni:
"Twali twapiga porojo tu."

Hakimu, mgeni wa pwani, akainua kalamu.
"Nani alimpiga nani?"

Hapo wakanigeukia mimi, mkalimani,
mwaka wa kumi na tisa huu nasimama baina ya kizimba na meza,
napokea neno huku, nalitua kule,
bila kulionja.

Nikasema: Mheshimiwa, porojo hupigwa,
lakini si kama mtu apigwavyo.
Hupigwa kama pasi, kama hodi, kama mswaki, kama mbizi;
Kiswahili kina mkono mmoja kwa kazi zote.

"Basi ni mazungumzo?"
La. Mazungumzo huitishwa, na chai yake ina wa kuilipia.
"Umbea?"
Umbea una mwenyewe, amelala kwake, hajui kuwa anatafunwa.
Porojo haina nyama ya mtu ndani.
"Uongo?"
Uongo una haja. Porojo haina haja,
ndiyo maana haina haya.
Dama, karani, akaninong'oneza: soga je?
Soga ni dada yake, nikamwambia,
ila huyo huijua saa ya kurudi nyumbani.

Mwendesha mashtaka akasimama, koti limembana.
"Toka isha hata alfajiri. Saa tisa nzima.
Mlikuwa mkisema nini?"

Shahidi akaitazama feni darini
kama iliyokuwepo usiku ule.
"Wallahi sikumbuki."
"Hata kitu kimoja?"
"Kulikuwa na kijiko. Kijiko cha mtu fulani.
Au alikuwa paka."

Watu wakacheka hadi viti vya nyuma.
Mwendesha mashtaka akaketi, uso unang'aa,
kama mtu aliyefunga mahesabu ya mwaka
na senti haikupungua.

Mkalimani hana maoni. Niliapa hivyo.
Lakini hapo ndipo nilipomwamini.
Mwongo angekuja na kikapu kimejaa:
saa tatu tulisema hili, saa saba lile,
na mvua ilinyesha kidogo, mheshimiwa.
Porojo ya kweli ni maji ya kunawa:
mikono imetakata,
maji yenyewe, nenda kayatafute.

Usiku wa mwisho wa babangu, hospitali ya Makadara,
dripu inadondoka, dirisha halifungiki,
tulizipiga hata muuguzi akatuzimia taa,
tukaendelea gizani.
Mwaka wa sita sasa najaribu kuyaokota yale maneno.
Kulikuwa na kifuniko cha sufuria, na aliyekikalia.
Kulikuwa na mshona kofia wa Mwembe Tayari
na deni la vitumbua.
Hakuniusia. Hakusema nyumba ya Kuze iwe ya nani.
Nakumbuka kitanda kikitikisika kwa kicheko
na sindano ikamchomoka mkononi,
naye akaitazama tu, akasema: "Nayo imechoka kunisikiliza."
Ndugu zangu mpaka leo, kila Idi, sahani zikishaondolewa:
kwani baba alisema nini?

"Mkalimani, tunangoja."

Nikatoa neno moja la Kiingereza, fupi,
limekauka kama ng'onda.
Likaandikwa.

Adhuhuri, kwenye ngazi za mahakama,
nilimkuta Mbwarali na bawabu wa ghala la pili,
kila mmoja na karatasi yake ya viazi karai,
ukwaju umewachuruzika hadi viwikoni.
"Alikuwa paka, yakhe. Sasa nimekumbuka.
Kijiko kilikuwa cha paka."
"Paka gani, na paka hana mkono?"
"Ndiyo nakwambia, sikiza..."

Nikaketi ngazi ya chini yao.
Nilikuwa na kesi nyingine saa nane.